Haki Isiyo na Mtenda: Fasihi na Ufundishaji wa Haki za Binadamu Webuye

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Webuye hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa somo lake kuhusu haki. Karibu na mji kuna kilima cha Chetambe. Juu ya kilima hicho, mwaka 1895, Wabukusu walijihami ndani ya ngome yao dhidi ya msafara wa kijeshi wa Waingereza, uliojaa askari wa Kisudani na wasaidizi wa Kiafrika wa makabila mengine, wakashindwa na kuuawa kwa wingi. Ni kwenye kilima hichohicho, Septemba 1947, Elijah Masinde alipowaongoza wafuasi wa Dini ya Msambwa kwa maelfu kwenda kuwakumbuka wafu hao. Tarehe 10 Februari 1948 polisi wa serikali ya kikoloni waliwapiga risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi wakawaua watu 11. Mwezi huohuo Masinde alikamatwa. Akapelekwa uhamishoni Lamu, na hakurejea kwao hadi mwanzoni mwa miaka ya sitini. Tarehe 10 Desemba mwaka uleule wa 1948, miezi kumi kamili baada ya Malakisi, Uingereza ilikuwa miongoni mwa mataifa 48 yaliyoipigia kura mjini Paris Taarifa ya Ulimwengu juu ya Haki za Binadamu, ambayo kifungu chake cha tisa kinakataza kumhamisha mtu kiholela na cha kumi na nane kinalinda uhuru wa dini.

Mambo haya yote yamo katika vitabu vya historia vilivyokwisha kuchapishwa, na mengi yamo katika vinywa vya wazee wa Bungoma. Hata hivyo, mwanafunzi wa kidato cha nne anayesoma chini ya kilima hicho anaweza kuandika kurasa nne kuhusu "ukiukaji wa haki za binadamu" katika riwaya au tamthilia teule, akapata alama zake zote, na asiwe hata mara moja amejiuliza ni nani aliyemkosea nani, wapi, na kwa idhini ya nani. Makala haya yanadai kuwa jambo hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Ni zao la namna ambavyo fasihi ya Kiswahili inafundishwa nchini Kenya, na idara za Kiswahili vyuoni ndizo zilizoipalilia namna hiyo kabla ya kuwarushia lawama walimu wa sekondari.

Ushahidi wa kwanza ni wa kisarufi. Msomaji na achukue mwongozo wowote wa vitabu teule, wa aina inayouzwa katika maduka ya vitabu ya Kitale na Bungoma, afungue sehemu ya dhamira, kisha ahesabu vitenzi vilivyo katika kauli ya kutendwa. Wanawake wananyanyaswa. Wafanyakazi wananyonywa. Watoto wananyimwa elimu. Raia wanadhulumiwa. Haki zinakiukwa. Kiambishi kimoja kidogo, /-w-/, kimebeba mzigo wote wa maadili ya somo zima. Sarufi ya Kiswahili haimkatazi mwandishi kumtaja mtenda baada ya kitenzi cha kutendwa. Kihusishi "na" kipo kwa kazi hiyohiyo: wafanyakazi wananyonywa na fulani. Lakini katika miongozo hiyo, na katika majibu ya wanafunzi wanaoikariri, "na" hiyo haionekani. Dhuluma imegeuzwa kuwa kama mvua au ukame, jambo linalowafika watu bila kutumwa na mtu.

Pale ambapo kauli ya kutendwa inaonekana kuwa kali mno, huletwa vitenzi vilivyo laini zaidi. Ghasia zilizuka. Maisha yalipotea. Hali ilichafuka. Hivi havihitaji hata mtendwa. Ghasia "huzuka" kama jipu linavyozuka mwilini, na hakuna anayeuliza jipu limeletwa na nani.

La kushangaza ni kwamba vitabu vyenyewe havisemi hivyo. Kati ya 2018 na 2022 watahiniwa wa KCSE walisoma riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri, na tamthilia ya Pauline Kea, Kigogo. Katika riwaya hiyo, nyumba ya Ridhaa haichomeki yenyewe. Anayehusika na kuteketezwa kwa jamaa yake ana jina, naye ni Mzee Kedi, jirani wa miaka mingi. Uzito wote wa tukio hilo umo katika neno "jirani". Riwaya inamlazimisha msomaji kukaa na swali gumu: vipi mtu aliyeishi na wenziwe kwa wema miaka yote hiyo anaamka siku moja akawa mwangamizi wao? Nini kilichosemwa, na nani, na lini, hata Kedi akaamini kwamba Ridhaa ni mgeni asiyestahili ardhi anayoikalia? Katika Kigogo nako soko la Chapakazi halifungiki lenyewe. Hulifunga Majoka, kwa sababu zinazojulikana na zenye faida kwake. Waandishi wametaja. Ni mfumo wa ufundishaji unaofuta. Mwanafunzi hupokea hadithi yenye mtenda, mtendwa, mahali na nia, akaisaga kuwa orodha: moja, haki ya kumiliki mali imekiukwa; mbili, haki ya kuishi imekiukwa; tatu, na kadhalika hadi hoja kumi.

Hapo patakuwepo wa kusema kuwa huu ni udhaifu wa mtihani wala si wa uhakiki. Swali lina alama 20, mtahini ana hati nyingi za kusahihisha, na hoja iliyoandikwa kwa ufupi ndiyo inayosahihishika. Hoja hii ina ukweli, lakini inapuuza kitu kilicho mbele ya macho ya kila mwalimu. Mtihani huohuo, katika swali la dondoo, humtaka mtahiniwa aeleze muktadha: maneno haya ni ya nani, anaambiwa nani, wakiwa wapi, na kwa sababu gani. Alama nne, moja kwa kila jibu. Hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kujibu kwamba "maneno yalisemwa". Akiandika hivyo hupata sufuri, na kwa haki. Kwa hiyo mfumo wa mitihani wa Kenya umekwisha kuwa na kifaa kamili cha kuchunguzia dhuluma, na umekifanya cha lazima kwa kila sentensi moja inayonukuliwa kitabuni, kisha ukakiweka kando pindi swali linapohusu haki ya mtu kuishi. Mtu aliyesema neno lazima ajulikane. Mtu aliyeua anaweza kubaki bila jina.

Lawama ya idara za vyuo vikuu ni kubwa zaidi, kwa kuwa huko hakuna mtahini wa kusingiziwa. Maktaba zimejaa tasnifu za uzamili zenye vichwa vya namna moja: ukiukaji wa haki za binadamu katika riwaya fulani, katika tamthilia fulani, katika ushairi wa fulani. Sura ya pili hueleza nadharia, aghalabu Umarksi au ufeministi. Sura ya tatu huorodhesha haki kwa kufuata vifungu vya Taarifa ya 1948, na chini ya kila kifungu huwekwa dondoo mbili tatu. Sura ya mwisho hugundua kuwa haki zimekiukwa. Mtafiti aliyelelewa Kimilili au Cheptais au Endebess huandika kurasa mia mbili kuhusu haki katika nchi za kubuni, na hakuna msimamizi anayemuuliza iwapo nchi hizo za kubuni zina lolote la kuambiana na kijiji alikotoka. Hao ndio wanaohitimu na kwenda kufundisha. Miongozo inayouzwa Kitale iliandikwa na wanafunzi wa nani?

Kuna wanaotetea umbali huo kwa jina la sanaa. Fasihi, wanasema, si ripoti ya mahakama. Mhakiki akianza kuwataja polisi wa Malakisi ameihama fani na kuingia katika siasa. Dai hili lilikuwa na nguvu katika miaka ambapo baadhi ya wahakiki walipima kazi zote kwa kigezo cha matabaka tu, na ni kweli kwamba kazi nyingi nzuri ziliumizwa na uhakiki wa aina hiyo. Lakini historia ya fasihi ya Kiswahili nchini Kenya yenyewe inalikanusha. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi iliyouliza Kenya inaelekea wapi; mashairi aliyoyaandika kwa siri gerezani, mengine kwenye karatasi za chooni, yalichapwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki na kupata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Alamin Mazrui aliandika Kilio cha Haki, iliyochapishwa 1981. Mwaka uliofuata alikamatwa na kuzuiliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja bila kufikishwa mahakamani. Hao waliowafunga waandishi hawakuwa na shida ya kuona uhusiano wa fasihi na haki. Ni wahakiki peke yao walioushindwa kuuona.

Na hapa inafaa kusema kwamba kuwasoma Abdalla na Mazrui kama mifano ya "uhuru wa kujieleza kukiukwa" ni kuwafunga mara ya pili. Katika mashairi ya gerezani, anayesema anajua vyema anasema na nani. Ushairi wa Kiswahili wa mapokeo ni wa majibizano. Una mpinzani, una anayeitwa ajibu. Ukiondoa anayeambiwa unabaki na vina na mizani.

Lakini kipingamizi kizito kuliko vyote hakitoki kwa watetezi wa sanaa. Kinatoka kwa walimu wenyewe, nacho kinastahili kusikilizwa kwa makini. Darasani Webuye, Kitale au Bungoma huketi pamoja watoto wa Kibukusu, Kitachoni, Kisabaot, Kiteso, Kikikuyu na wengineo. Wazazi wao wanakumbuka mapigano ya 1991 na 1992 yaliyowafukuza watu mashambani Trans-Nzoia, Bungoma na pande za Mlima Elgon. Wengine wanakumbuka ya 2006 hadi 2008. Mwalimu akiruhusu watenda watajwe, je, hatakuwa ameleta vita darasani? Si afadhali kauli ya kutendwa, inayomwacha kila mtoto arudi kwao salama?

Jibu ni kwamba kauli ya kutendwa haifanyi kazi hiyo inayodhaniwa. Sentensi isiyo na mtenda haibaki wazi katika akili ya msikilizaji. Humtafuta mtu wa kuijaza, na aliye karibu zaidi kupatikana ni kabila. Mwanafunzi akiambiwa kuwa mwaka 1992 nyumba zilichomwa na watu wakafukuzwa, naye asiambiwe na nani, hatasema "sijui". Atajijibu kimoyomoyo kwa kutaja kabila la yule aliyeketi dawati la mbele. Kumtaja mtenda kwa jina lake, kwa cheo chake, kwa kundi alilolitumikia na kwa aliyemlipa ndiyo njia pekee ya kuwaondolea lawama maelfu ya watu wa kabila lake ambao hawakutenda lolote. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ililielewa jambo hilo mwaka 1992, na ripoti yake haikuishia katika kusema kuwa makabila yalipigana. Ilitafuta waliochochea na kugharimia. Tume ya Akiwumi ilirudi katika suala hilohilo mwaka 1998. Ripoti zipo. Ni somo la fasihi lililobaki katika "ghasia zilizuka".

Mambo ya Mlima Elgon yanaliweka suala hili wazi zaidi. Kundi la Sabaot Land Defence Force lilishika silaha mwaka 2006 kufuatia ugomvi wa mgao wa ardhi katika mpango wa makazi wa Chepyuk. Lilitoza watu kodi, likaua, likakata watu masikio. Anayelieleza kwa kipimo cha kabila hukwama mara moja, kwa kuwa ugomvi wa Chepyuk uliwagawa Wasabaot wenyewe, Wasoy na Wamosop, na wengi wa walioumizwa walikuwa Wasabaot. Machi 2008 serikali ilituma jeshi katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Wanaume na vijana walikusanywa vijijini na kupelekwa katika kambi ya Kapkota kuchunguzwa. Mashirika ya kutetea haki, likiwemo la Human Rights Watch katika ripoti yake ya Julai 2008 na la Western Kenya Human Rights Watch lililokuwa na ofisi Bungoma, pamoja na tume ya taifa ya haki za binadamu, yaliandika juu ya mateso ya mamia ya watu hao na juu ya wengine waliochukuliwa na wasionekane tena. Jeshi lilikana kutesa watu. Familia zilibaki zikisubiri.

Wale wasioonekana tena huitwaje kwa Kiswahili? Katika taarifa nyingi waliitwa "waliopotea". Kitenzi hiki kinafaa kufundishiwa kipindi kizima. Kupotea ni tendo la mtu mwenyewe: mtoto hupotea sokoni, mgeni hupotea njia, ng'ombe hupotea malishoni. Anayepotea hulaumiwa kidogo kwa kutoangalia aendako. Kupoteza kuna mtenda. Kupotezwa kuna mtendwa na, nyuma yake, kuna mtenda anayeweza kuulizwa. Tofauti kati ya /-potea/ na /-potezwa/ hufundishwa katika mnyambuliko wa vitenzi, kidato cha pili, kwa mifano ya kalamu na ufunguo. Mke anayesema "mume wangu alipotezwa" amefanya kazi ambayo tasnifu nyingi hazikuifanya. Tangu Juni 2024, vijana wa Kenya waliokuwa wakidai wenzao waliochukuliwa na watu wasiojitambulisha wamekuwa wakisisitiza kuwa hao hawakupotea, walitekwa. Hawakuhitaji mwongozo wa fasihi ili kuona umuhimu wa kuchagua kitenzi.

Ipo hoja nyingine inayopendwa katika makongamano, kwamba dhana ya haki za binadamu ni ngeni, imeletwa na Wazungu pamoja na misaada yao, na kwamba kuifundisha katika fasihi ya Kiafrika ni kuvaa koti la kuazima. Wenye hoja hii wangefaa kupelekwa Chetambe. Walioandamana na Masinde mwaka 1947 walikuwa wakidai kuabudu walivyotaka na kurudishiwa ardhi iliyotwaliwa. Hawakuwa wamesoma Taarifa ya Ulimwengu, kwa sababu haikuwa imeandikwa. Aliyekuwa akiidai haki alikuwa Mbukusu aliyekwisha kupelekwa Mathari na wakoloni kwa kuitwa mwendawazimu, na aliyekuwa akiikiuka alikuwa mmoja wa wale watakaoipigia kura Paris mwaka mmoja baadaye. Koti la kuazima lilivaliwa na nani hapo? Neno lenyewe, haki, lilikuwa limekwisha kukaa katika Kiswahili kwa karne nyingi, likibeba pamoja maana ya stahili ya mtu, ya uadilifu wa hukumu na ya ukweli. Ni lugha nyingine zinazolazimika kutumia maneno mawili matatu kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, anayemfundisha Masinde kama mtakatifu naye atakuwa amekimbia kazi. Uchomaji wa mali ulitokea kwa jina la dini yake. Serikali ya Kenya huru nayo iliipiga marufuku Dini ya Msambwa mwaka 1968 na kumfunga Masinde, na mwanafunzi anapaswa kupima iwapo sababu zilizotolewa zilikuwa za haki au zilikuwa zilezile za mkoloni zilizotafsiriwa. Mtenda anayetajwa si lazima awe mgeni wala awe adui wa siku zote. Mtu mmoja anaweza kuwa mtendwa katika sentensi ya kwanza na mtenda katika ya pili, na fasihi ndiyo iliyo hodari wa kumwonyesha mtu huyo akiwa mzima. Kedi yuko hivyo.

Webuye yenyewe ina tanzu inayofanya haya kwa namna yake. Wabukusu wanapomzika mzee wa heshima, baada ya maziko hufanyika baraza la kumuse. Msemaji, omuswali, ambaye lazima awe wa koo zenye kibali hicho, hutembea uwanjani huku na huko akiwa na fimbo yake, akasimulia asili ya koo, vita na uhamaji, akawafariji wafiwa, kisha akawakemea walio hai. Hukemea hadharani, wakiwapo wakubwa. Katika vitabu vya fasihi simulizi vya shule, kumuse haipati nafasi. Na ikiipata huingizwa chini ya "mawaidha", ikapewa sifa tano na dhima sita. Jambo lililo muhimu kuliko yote, kwamba hapo yupo mtu aliyepewa na jamii mamlaka ya kutaja makosa, hupita bila kutajwa. Ni kweli kwamba mamlaka hayo ni ya wanaume, tena wa koo chache, na kwamba mwanamke aliyedhulumiwa na huyohuyo marehemu anayesifiwa hana zamu ya kusema. Hilo nalo ni swali la haki, na ni zuri kuliko mengi yanayotungwa kwa ajili ya mitihani. Mwanafunzi wa kike wa Webuye angekuwa na mengi ya kuliandikia.

Kiwanda nacho kimesahauliwa. Pan African Paper Mills kilianzishwa mwaka 1969 na kuanza kutoa karatasi mwaka 1974. Kwa zaidi ya miaka thelathini karatasi zake ziliandikiwa nchini kote, na moshi wake ukala mabati ya nyumba za Webuye, na maji yake machafu yakaingia mto Nzoia. Kilipofungwa mwaka 2009 maelfu waliotegemea mishahara yake walibaki wakihesabu hasara. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, lakini mzazi wa Webuye aliyekuwa akibadilisha mabati kila baada ya miaka michache alikuwa akilipwa na kiwanda kilekile kilichoyatoboa. Hadithi hiyo bado haijawa riwaya ya Kiswahili. Ken Walibora, aliyelelewa pande za Kitale na ambaye katika Siku Njema ya 1996 alimpeleka shujaa wake hadi mji huo kumtafuta baba, alifariki mwaka 2020. Katika Kufa Kuzikana ya 2003 alikwisha kugusa urafiki na uadui wa kikabila kwa namna ambayo wasomaji wa Trans-Nzoia hawakuhitaji kufafanuliwa. Wanafunzi wake wa kalamu wasingekosa malighafi.

Kinachopendekezwa hapa hakihitaji mtaala mpya wala fedha za wafadhili. Kinahitaji swali la muktadha lipelekwe kwenye swali la haki. Pale mtahiniwa anapoandika kuwa haki imekiukwa, aulizwe na nani, dhidi ya nani, wapi, na kwa kibali cha nani. Na hoja isiyo na mtenda isipewe alama, kama vile dondoo lisilo na msemaji lisivyopewa. Msimamizi wa tasnifu naye auvunje mkataba wa kimya wa sura tano na amtake mtafiti asome riwaya yake sambamba na ripoti moja, kesi moja, au baraza moja la kumuse kutoka mahali anapopajua.

Baadhi watauliza mwalimu aanzie wapi, kwa kuwa Malakisi ni mbali kwa miaka na Kapkota inatisha. Ipo sentensi iliyo karibu zaidi. Adhabu ya viboko iliondolewa katika shule za Kenya kwa tangazo la sheria la mwaka 2001, ikakatazwa na kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010, na kukatazwa tena na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Katika shule nyingi fimbo bado ipo, mara nyingine juu ya meza ileile yenye Chozi la Heri. Mwanafunzi akitakiwa kueleza alichofanyiwa Jumatatu asubuhi baada ya kuchelewa gwaride, ataandika: niliadhibiwa. Mwalimu wa Kiswahili na amrudishie daftari, kwa wino mwekundu, amwombe aimalizie sentensi.